Maswali ya Wasomaji: Msuli wa Paja, Vyuma vya Zege na Mbio za Pwani

Barua za mara hii zimetoka Unguja na Pemba. Tumechagua zile ambazo jibu lake litamfaa zaidi ya mtu mmoja, na nyingine tumezifupisha.

Msuli wa nyuma ya paja umenikamata mara tatu

*Nnacheza winga timu moja ya hapa Wete, nna miaka 24. Msuli wa nyuma ya paja la kulia umenikamata mara tatu ndani ya msimu mmoja, kila mara nikiwa natoka mbio. Kabla ya mechi nnajinyoosha sana, na nikiumia nachuliwa kwa mafuta ya moto. Nakosea wapi? K.H., Wete*

Ndugu K.H., msuli huu mara nyingi huchanika mguu ukiwa hewani, unapotupwa mbele, kabla tu ya wayo kugusa ardhi. Wakati huo msuli unarefuka, na papo hapo unatakiwa uzuie muundi usitupwe zaidi. Yaani unafanya kazi ya breki. Kujinyoosha kunakupa urefu lakini hakukupi breki. Tena ukikaa kwenye mkunjo mmoja zaidi ya dakika nzima kisha ukaingia uwanjani, kasi yako ya mwanzo inapungua kidogo. Unachokikosa ni nguvu ya msuli ukiwa unarefuka, na nguvu hiyo ina zoezi lake.

Piga magoti juu ya mkeka uliokunjwa mara nne au kipande cha godoro. Mwenzako akae nyuma yako akushike vifundo vya miguu kwa uzito wake wote. Kuanzia magotini hadi mabegani uwe umenyooka. Jiachie mbele polepole, ukijizuia kwa nyuma ya mapaja tu, mpaka pale unapoona huwezi tena. Hapo pokea ardhi kwa mikono, jisukume urudi juu, uanze upya. Wengi hulikosea sehemu moja: wanakunja kiuno na kuyatoa makalio nyuma, zoezi likawa jepesi na msuli usipate kitu. Wengine hudondoka nusu ya njia bila ya kujizuia. Ukiweza kujizuia sekunde tatu, umelifanya vizuri. Siku za mwanzo utadondoka mapema, na hilo si tatizo.

Wiki ya kwanza fanya siku moja tu, seti mbili za marudio matano. Wiki ya pili siku mbili, seti mbili za sita. Wiki ya tatu siku tatu, seti tatu za sita hadi nane. Wiki ya nne seti tatu za nane hadi kumi. Kuanzia ya tano hadi ya kumi, siku tatu kwa wiki, seti ya kwanza marudio 12, ya pili 10, ya tatu 8. Msimu ukianza, mara moja kwa wiki inatosha kuilinda nguvu uliyoipata. Tumeliandika kwa urefu kwa sababu watu huanza na wiki ya tano, kesho yake hawawezi kushuka ngazi, wakaliacha zoezi wakidai linaumiza. Lifanye baada ya mazoezi ya timu, usilifanye kabla, na siku ya kuamkia mechi uliache kabisa. Tafiti zilizokusanya matokeo ya timu nyingi zimeonyesha kuwa timu zinazolifanya hupata majeraha haya karibu nusu tu ya zile zisizolifanya. Limo pia katika programu ya kupasha mwili moto ya FIFA 11+, inayochukua kama dakika 20. Mwambie mwalimu wako aitafute. Haina gharama, na inataka kufanywa angalau mara mbili kwa wiki.

La pili ni mbio zenyewe. Mchezaji anayekimbia kwa kasi yake yote siku ya mechi peke yake anaupa msuli kazi ambayo haujaizoea. Mara moja au mbili kwa wiki, ukiwa umeshapata moto, kimbia mita 40 mara sita: mbili kwa kasi ya saba katika kumi, mbili kwa nane, mbili kwa tisa. Pumzika dakika mbili nzima kila baada ya moja. Ukipumzika kidogo, unajizoesha kuchoka, na kasi haiji.

Ama huko kuchuliwa: siku mbili tatu za mwanzo usikubali mtu akuchue wala akukande kwa moto, maana ndani mna damu inayovuja na utaizidisha. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, hupunguza maumivu. Kisha tembea kadiri usivyoumia. Rudi uwanjani siku utakayoweza kukimbia kwa kasi ya tisa katika kumi bila ya maumivu na bila ya woga, miguu yote miwili ikiwa sawa. Aliyekwisha kuumia hapo ndiye aliye karibu zaidi kuumia tena, na wewe umerudi mapema mara mbili.

Kifua kimesimama, bega linauma

*Maskani kwetu Kwahani tuna bomba la chuma na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Nabonyeza kifua kila siku seti kumi, tangu mwaka jana. Kifua hakiendi mbele, na bega la kushoto linauma kwa mbele. Wenzangu wananambia ninunue unga wa protini. S.A., Kwahani*

Anza na mizani, kijana. Kopo la lita nne likijaa zege huwa kilo tisa hadi kumi, lakini kokoto zikizidi upande mmoja uzito haulingani. Lipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, upime bomba na makopo, kila upande peke yake. Tofauti ikifika kilo moja, bega moja linabeba zaidi kila siku. Dawa yake ni kufunga chupa ya mchanga upande mwepesi. Chupa ya nusu lita iliyojaa mchanga mkavu ni gramu 800 hivi, ya lita moja na nusu ni kilo mbili na nusu kasoro kidogo.

Chupa hizo hizo zitakuondoa hapo uliposimama. Msuli hukua ukipewa kazi iliyozidi ya jana kwa kidogo, kisha ukapata siku ya kujijenga. Wewe umeupa uzito ule ule kila siku, na siku ya kujijenga hukuwapo. Fanya Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Kila siku zoezi moja la miguu, moja la kusukuma, moja la kuvuta, seti tatu kila moja, ukipumzika dakika mbili au tatu baina ya seti. Chukua uzito unaouweza mara sita vizuri, ukibakiza marudio mawili ndani. Kila siku ya zoezi jitahidi uongeze rudio moja. Seti zote tatu zikifika kumi, funga chupa ya nusu lita kila upande na urudi kwenye sita. Andika kwenye daftari, kwa sababu maskani kila mtu anakumbuka kilo alizopenda.

Usiache kuvuta. Mtu anayesukuma tu mabega yake huja mbele, na maumivu hayo ya mbele ya bega ndiyo yanayofuata. Lala chini ya bomba lililowekwa kimo cha kiuno baina ya nguzo mbili, lishike, jivute mpaka kifua kiguse. Kila seti ya kusukuma iwe na moja ya kuvuta. Na kwenye benchi lenyewe, yakaze makombe ya mabega, ile mifupa bapa ya mgongoni, yakaribiane na yakandamize ubao. Viwiko usivitanue vikawa sawa na mabega. Vilete karibu na mbavu, kama nusu ya pembe hiyo. Kidole gumba kilizunguke bomba.

Kuna hatari moja ambayo kwenye vyuma vya zege ni kubwa kuliko vya dukani. Sahani ya kawaida ya jimu ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo ukishindwa ukiwa umelala sakafuni, chuma hubaki sentimita 22 na nusu juu. Kopo la rangi lina kipenyo cha sentimita 17 hivi. Chuma kitasimama sentimita nane au tisa kutoka chini, yaani ndani ya kifua chako au juu ya koo. Na makopo yaliyogandishwa hayawezi kumwagwa upande mmoja ukajinasua. Usibonyeze peke yako, hata siku ya uzito mdogo.

Unga wa protini uache kwanza. Anayenyanyua vyuma anatosheka na gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mwenye kilo 70 anataka gramu 112 kwa siku. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 150 kina 30 na zaidi, yai moja lina sita, gramu 50 za dagaa wakavu zina 25 hadi 30, kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15 hivi. Samaki wa chukuchuku mchana, mayai mawili asubuhi, dagaa na maharage usiku: umeshakaribia, na maziwa au kunde zitamalizia.

Nna sukari na presha, naweza kunyanyua kitu?

*Nna miaka 56, nameza dawa za sukari na presha. Daktari kaniambia nifanye mazoezi ya nguvu, lakini jimu siendi na sipendi kutazamwa. Bi S., Jang'ombe*

Bi S., ukumbini kwako panatosha. Kaa kwenye kiti cha kimo cha goti, simama bila ya kujishika, kaa tena polepole: mara nane, seti tatu. Kusimama kukiwa kugumu, ongeza mto juu ya kiti. Kisha sukuma ukuta, miguu ikiwa hatua moja na nusu nyuma, mara kumi. Kisha beba madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, utembee hatua 30 mgongo ukiwa umenyooka. Dumu likijaa maji ni kilo tano, na ukianza na nusu hakuna ubaya. Siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Kutembea kwako kuendelee siku nyingine.

Usizuie pumzi unaponyanyua, maana presha hupanda ghafla. Toa pumzi wakati wa kusukuma au kusimama. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo acha, nenda kituo cha afya. Ukiwa unachoma insulini au unameza glibenklamaidi, pima sukari kwanza: ikiwa chini ya 5 (mmol/L), kula tende tatu au nne, subiri kidogo, ndiyo uanze. Vaa viatu hata ndani, na ukimaliza tazama nyayo, kwa sababu mwenye sukari anaweza kupata lengelenge asilisikie. Maumivu ya kifua, au kizunguzungu kisichoondoka ukikaa, ni daktari siku hiyo hiyo.

Vyuma vinamfupisha mtoto?

*Mwanangu wa miaka 13 anachezea timu ya skuli na anataka kunyanyua. Jirani anasema atadumaa. Baba yake, Chake Chake*

Hatadumaa. Wanaoumia umri huo huumia kwa kuangukiwa na chuma au kwa kushindana nani abebe kizito. Mpe pushapu, skwati na kuruka, baadaye dumu la lita tano kifuani. Marudio 10 hadi 15, siku mbili kwa wiki, mtu mzima akiwapo. Kujaribu uzito wa mwisho ni marufuku.

Nailoni na jasho

*Navaa koti la mvua nikikimbia ili tumbo liondoke, na kilo mbili zinaondoka kweli. Na Ramadhani niendelee vipi? M., Mkoani*

Hizo kilo mbili ni lita mbili za maji, na zitarudi ukinywa. Kwa joto letu lenye unyevu jasho halikauki, linatiririka tu, na mwili haupoi. Koti linazidisha hatari ya kuzimia na halichomi mafuta zaidi. Livue. Jipime kabla na baada ya kukimbia: kila kilo iliyopungua ni lita moja ya kurejesha polepole. Dafu ni zuri kwa potasiamu, lakini chumvi yake ni ndogo, nawe umetoka jasho la chumvi, kwa hiyo lifuatishe na chakula chenye chumvi.

Ramadhani, nyanyua baada ya tarawehe, au saa moja kabla ya magharibi kama mazoezi ni mepesi. Uzito ubakishe ule ule, seti zipunguze kwa theluthi au nusu. Samaki au mayai yawepo kwenye futari na kwenye daku pia.

Goti moja kwa nje

*Nakimbia pwani alfajiri, peku, kilomita sita. Goti la kushoto linauma upande wa nje, la kulia halina kitu. Z., Makunduchi*

Maumivu ya upande mmoja yanatupeleka kwenye mteremko. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, bahari hujaa karibu saa kumi alfajiri. Saa kumi na mbili, unapotoka, umebakiwa na ukanda mwembamba wa juu ulioinama kuelekea baharini, na mguu mmoja unakanyaga chini zaidi ya mwenzake njia nzima. Bamvua linapwa kama saa nne asubuhi, jua likiwa limeshakuwa kali. Siku hizo kimbia barabarani, au ngojea saa nne ya usiku ukiwa na mwenzio na taa. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo angalia leo ujue kesho. Ukikimbilia pwani, nenda na urudi kwenye mstari ule ule, ili mteremko uguse miguu yote.

Mchanga mkavu wa juu unataka nguvu kama mara 1.6 ya ardhi ngumu. Utumie kwa mbio fupi za sekunde 10 au 15, mara sita, usiufanye njia ya kilomita sita. Peku nako kuna hesabu: dakika tano wiki ya kwanza, ongeza tano kila wiki, nyingine vaa viatu.

Kwa wiki mbili punguza umbali nusu. Lala ubavu, nyanyua mguu wa juu ukiwa umenyooka, seti tatu za 15 kila upande. Kisha simama juu ya kipandio cha sentimita 15, ushuke kwa mguu mmoja polepole goti likitazama kidole cha pili, mara nane. Goti likiendelea kuuma ukishuka ngazi baada ya hapo, nenda kwa mtaalamu wa viungo alione.