ESP32 inajirestati Wi-Fi ikiwaka
Kaka, swichi yako ya taa ya ESP32 (kale kakompyuta kadogo kenye Wi-Fi) ikijirestati kila Wi-Fi ikianza, usihangaike na programu kwanza, fungua siriali monita (dirisha la kompyuta linaloonyesha ujumbe wa ESP32) kwenye kasi ya 115200, ukiona "Brownout detector was triggered" ujue umeme unashuka, maana ESP32 ikirusha Wi-Fi inavuta hata miliampia 240 na zaidi kwa ghafla, sasa kale kawaya kembamba ka USB hakabebi. Badilisha waya na chaja, weka kapasita (inatunza umeme kidogo wa akiba) ya mikrofaradi 470 karibu kabisa na pini za 3V3 (umeme wa volti 3.3) na GND (hasi), rilei (swichi ya umeme inayowasha taa) ipe umeme wake wa 5V ila GND yake na ya ESP32 ziunganishe. Na tafadhali usiizime hiyo brownout (kinga inayoirestati ESP32 umeme ukishuka) kwenye programu kama wengi wanavyoshauri, flashi (kumbukumbu ya ESP32) ikiandikwa umeme umeshuka data inaharibika. Halafu testi rilei mara hamsini Wi-Fi ikiwa hewani.