Shangazi, nilipe deni la mafao yaishe?

*Uliza Shangazi, Oktoba 2024*

Shangazi, shikamoo.

Nina watoto wawili, nawalea peke yangu hapa Leicester, Uingereza, kazi yangu ni kea kwenye nyumba ya wazee. Kijana wangu wa miaka 17 aliacha koleji Oktoba mwaka jana akaingia kazi ya ghalani, usiku, ya muda kamili. Alianza Jumatatu tarehe 16. Ijumaa yake, tarehe 20, nikatumia mapumziko yangu kupiga simu ofisi ya kodi (HMRC), niwaambie huyu si mwanafunzi tena, mtoeni kwenye mafao ya watoto wanayotoa wao (Child Tax Credit). Nilisikilizishwa muziki dakika 40 mpaka chai ikapoa. Dada aliyepokea akasema ameshaingiza, sina haja ya kufanya kitu kingine.

Pesa zikaendelea kuingia vilevile. Nikasema wao ndio wenye kompyuta, watakuwa wanajua. Mwishoni mwa Machi roho haikutulia, nikapiga tena. Naambiwa hakuna taarifa yoyote ya kijana kuacha masomo! Aprili wakarekebisha. Sasa nimeletewa barua ya tarehe 12 Agosti: nirudishe pauni 1,529.32, na watakuwa wanakata kwenye mafao ya binti yangu mdogo. Kijana anajiona yeye ndiye mkosaji, anataka kulipa kwa mshahara wake. Shemeji yangu anasema serikali haishindwi, lipa yaishe. Nilipe?

*Mama wa Wawili, Leicester*

Marahaba, mwanangu. Usilipe yote, na shemeji yako mwambie serikali hushindwa, ila haishindwi na mtu aliyenyamaza.

Tuanze na hesabu, maana barua hizi hutisha kwa sababu zinaleta jumla bila kusema imetoka wapi. Mwaka wa kodi 2023/24, ulioisha 5 Aprili 2024, fungu la mtoto mmoja lilikuwa pauni 3,235 kwa mwaka. Ule mwaka ulikuwa na siku 366, kwa hiyo kila siku ni pauni 8.84. Kutoka 16 Oktoba mpaka 5 Aprili ni siku 173. Zidisha: 1,529.32. Basi hawakukosea hesabu. Hilo ujue mapema, usije ukapoteza muda kuomba waangalie upya kiasi. Ile ni njia nyingine, ya mtu anayesema "sikuzidishiwa", ina siku zake 30, na wewe wala haikuhusu.

Wewe unasema jambo jingine: nilizidishiwa, lakini baada ya kuwaambia. Kwa hilo kuna fomu inaitwa TC846, na unapewa miezi mitatu tangu tarehe ya barua. Yako inaisha 12 Novemba. Binti yangu, usingoje tarehe 11.

Kanuni ya ofisi yenyewe, iliyoandikwa kwenye kijitabu chao cha COP26, inasema hivi kwa ufupi: wewe una mwezi mmoja wa kutoa taarifa ya mabadiliko, wao wana siku 30 za kuifanyia kazi. Wewe ulitoa siku ya nne. Siku zao 30 zilikwisha 19 Novemba 2023. Kuanzia 16 Oktoba mpaka hiyo 19 Novemba ni siku 35, pauni 309.40. Hizo ni deni lako kweli, kijana alikuwa kazini na hela ikaingia, zirudishe bila kinyongo. Zilizobaki, siku 138, pauni 1,219.92, ndizo za kugombania.

Sasa nikuonyeshe watakapokubana, maana nisipokwambia mimi watakwambia wao. Kijitabu hichohicho kinasema ukitoa taarifa, unapaswa kupata notisi mpya ya malipo ndani ya mwezi, na usipoipata upige kuuliza. Tena unatakiwa kulinganisha pesa inayoingia benki na ile iliyoandikwa kwenye notisi. Wewe uliona pesa haijapungua ukakaa kimya mpaka Machi. "Wao ndio wenye kompyuta" si jibu, hata kama mimi mwenyewe nakuelewa. Lakini hapo hapo una kinga: uliambiwa huna haja ya kufanya kitu kingine. Ushauri mbaya kutoka kwa mtumishi wao nao unahesabika. Na pande zote mbili zikiwa zimeteleza, wanaweza kufuta sehemu ya deni.

Kwa hiyo kesi yako yote imebebwa na simu moja ya tarehe 20 Oktoba. Itafute. Ingia kwenye akaunti ya kampuni yako ya simu, chapisha bili ya mwezi ule, pigia mstari ile namba inayoanza na 0345 na dakika ulizokaa. Fanya hivyohivyo kwa ile ya Machi. Kisha waandikie ofisi ya kodi uombe kumbukumbu zako zote pamoja na sauti zilizorekodiwa. Ni haki yako kisheria, hulipi kitu, nao wana mwezi mmoja wa kujibu. Taja tarehe, saa, na namba uliyopigia. Fomu usiiweke kusubiri sauti. Itume sasa, sema ushahidi mwingine unafuata.

Kwenye fomu usiandike maisha magumu na bei ya gesi. Najua ni kweli. Ugumu wa maisha una dawati lake, la kuomba wapunguze makato ya kila mwezi, na kama kipato chako cha mwaka hakizidi pauni 20,000, wanaweza kukata robo ya mafao, kwa hiyo omba. Ila TC846 inataka tarehe. Andika kavu: tarehe fulani nilipiga, nikasema hivi, nikajibiwa hivi, sikuletewa notisi, tarehe fulani nikapiga tena. Na ujue kwamba kutuma fomu hakusimamishi makato, usije ukashtuka.

Mimi yalinikuta miaka ya mwanzo, yalipoanza haya mafao Aprili 2003. Mwaka ule wa kwanza kaya karibu milioni 1.9 zilizidishiwa, takriban pauni bilioni 2.2, nami nikiwemo, nafagia maofisi alfajiri. Nililipa yote kwa sababu ya aibu. Miaka miwili baadaye, nahama nyumba, nikakuta kwenye kopo la biskuti karatasi niliyoandikia jina la mtu wa simu na saa niliyompigia. Ilikuwa imelala chini ya vifungo vya nguo.

Wakikataa, una siku 30 za kuwapelekea jambo jipya, kama hiyo sauti. Mahakama ya rufaa za mafao haisikilizi ugomvi wa namna hii. Unalalamika ofisini kwao ngazi mbili, kisha kwa msuluhishi wa nje, kisha kupitia mbunge wako. Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, watakusaidia kuandika, na mkalimani omba. Nao mfumo wenyewe mwisho wake ni Aprili 2025. Ukihamia Universal Credit, mafao yanayochukua nafasi ya haya, deni linakufuata huko, kwa hiyo weka nakala za kila kitu.

Ukituma kwa posta, pale dirishani omba cheti cha kutuma. Ni bure, ila hawakupi usipoomba. Na huyo kijana, deni liko kwa jina lako, si lake, mshahara auweke. Kama moyo unamuuma sana, akununulie kopo la biskuti.