Basi la Berlin kwenda Praha

Dada, kwa kuwa umeuliza kama basi la Berlin kwenda Praha linafaa na ukishuka ufanyeje: linafaa sana. Kampuni za mabasi za FlixBus na RegioJet zote zinapita njia hiyo, safari ni kama saa nne na nusu hadi tano, na nauli huwa nafuu ukikata tiketi mapema.

Soma vizuri tiketi imeandika kituo gani cha kupandia. Berlin ina zaidi ya kimoja. ZOB, kituo kikuu cha mabasi, kiko magharibi mwa jiji (treni ya U2, shuka Kaiserdamm). Mabasi mengine hupakia kituo cha Südkreuz. Pasipoti ibebe mkononi, usiiache kwenye begi la chini, kwa sababu polisi hukagua, hasa wakati wa kurudi Ujerumani.

Praha utashuka kituo cha mabasi cha Florenc, na hapo ndipo raha ilipo: metro iko palepale, laini B na C. Ukitaka mji wa kale, panda B vituo viwili tu hadi Můstek, au tembea kwa miguu kama mzigo ni mwepesi. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kile kimashine cha njano kabla ya kuingia kwenye metro. Isipogongwa ni sawa na kutokuwa nayo, na wakaguzi hawasikilizi maelezo ya mgeni.

Pesa ya huko Praha ni koruna, si yuro. Toa kwenye ATM ya benki, na ikikuuliza ikubadilishie kwa sarafu yako, kataa.