Siku kumi Ufaransa kwa gari: shikeni kona moja

Dada, siku kumi ulizopanga za kuzunguka Ufaransa nzima na watoto wawili na mama mkwe zitaishia barabarani. Mimi ningeacha Nice na kusini kote kwa safari nyingine, nishike Normandy na Brittany tu, mikoa ya kaskazini-magharibi.

Paris hadi Honfleur, mji wa bandari wa Normandy, ni kama kilomita 200. Laleni hapo siku mbili tatu, mkatazame majabali meupe ya Étretat, kisha Mont-Saint-Michel, kisiwa chenye abasia (monasteri ya kale) juu yake. Pale gari huachwa bara na watu hupanda basi la bure. Ngazi za kwenda abasia ni nyingi mno. Mama mkwe abaki chini na kahawa yake. Na msishuke kwenye matope ya ghuba bila kiongozi, maji hujaa kwa kasi. Saint-Malo nako, mji wa pwani ya Brittany, maji makuu yanaweza kupanda zaidi ya mita 12, kwa hiyo tazameni jedwali la kupwa na kujaa kabla watoto hawajaanza kuchimba mchanga.

Barabara kuu ya A13, ya kutoka Paris kwenda Normandy, haina tena vibanda vya kulipia: kamera husoma namba ya gari, nanyi mnalipa mtandaoni ndani ya saa 72, la sivyo faini. Brittany hakuna ushuru huo.

Mchana mikahawa mingi hupika saa sita hadi saa nane tu. Galette, zile chapati nyembamba za Brittany, watoto watazipenda, ila nyingi zina nguruwe; kama hamli, agizeni ya yai na jibini. Cidre, kinywaji cha tufaha, ni pombe, hata ikiletwa kwenye kikombe kama chai.