Mdogo wako ana miaka 17, kajifungua juzi tu, analia usiku: app ipi? Ngoja nikueleze yaliyonikuta mimi

Dada, nimesoma ulivyoandika kwamba mdogo wako mtoto wake ana miezi miwili, na yeye mwenyewe mama analia usiku, mchana hataki hata kumshika mwanae, na wewe unataka kujua app gani umwekee kwenye simu imtulize. Nimeshindwa kupita kimya maana huyo ni mimi kabisa, mimi wa 2017.

Nilipata mimba nikiwa kidato cha tatu, huko Muheza. Shule nikatolewa, enzi hizo ndo ilikuwa hivyo, ule waraka wa kuturuhusu kurudi darasani ulikuja Novemba 2021 wakati mwanangu ashaanza kuita watu majina. Baba mtoto akabadilisha laini. Mama hakunipiga wala hakunifukuza, aliacha tu kuongea na mimi, yani anaongea na mtoto, "mwambie mama yako chai ipo jikoni", na mtoto ana wiki tatu. Bora angenipiga.

Simu niliyokuwa nayo ni kitochi, kioo kina ufa, chaji tunapeleka kibandani kwa shilingi mia tatu. Wakati wa mimba nilijiunga na zile meseji za bure za Wazazi Nipendeni, ulikuwa unaandika MTOTO unatuma 15001, zinakuja za kliniki, za chandarua, za dalili za hatari. Usinicheke, nilikuwa nazisoma mara tatu tatu, kwa sababu wiki nzima hicho ndo kilikuwa kitu pekee kinachokuja kwa jina la kunijali. Ila za kuniuliza wewe mwenyewe moyo wako ukoje, hiyo sikuiona.

Aliyeniuliza ni nesi mmoja wa zahanati siku ya chanjo. Kabla yake nilikutana na mwingine aliyenisema mbele ya foleni nzima nikaapa sirudi, kwahiyo ujue mtoto wa kike anaweza akavunjwa na kuungwa kwenye jengo hilo hilo. Huyu wa pili aliniita pembeni akanisomea maswali kumi, siku saba zilizopita umeweza kucheka, umejilaumu bure, umeogopa bila sababu, na la mwisho, umewaza kujidhuru. Hapo nikalia. Baadaye nimekuja kujua ni kipimo kinachotumika nchi nyingi, kilitoka Edinburgh 1987, kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla 30, na ukifika 13 na kuendelea wanakuchukulia kwa uzito kwamba huenda ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Na lile la mwisho likiwa na alama yoyote hawasubiri jumla.

Sasa sikia alichofanya na kitochi changu. Alichukua memori kadi akaiweka kwenye simu yake akajirekodi sauti, dakika tatu hivi, "mama, kaa, weka miguu chini, vuta pumzi polepole hesabu mpaka nne, sasa toa taratibu kama unapoza uji wa moto". Ya uji ndo iliyonishika. Watu wanakwambia relaksi relaksi, mtu hajui relaksi inaanzia wapi, lakini kupoza uji kila mtu anajua midomo inakaaje. Saa nane usiku mtoto analia na mimi nasikia mikono inatetemeka natamani kumtupa kitandani, nilikuwa namlaza salama katikati ya godoro, naenda kukaa mlangoni, naweka simu sikioni naisikiliza ile sauti mara mbili, narudi. Haikuhitaji bando wala kujua Kiingereza.

Pili tulikubaliana na yule nesi kila jioni nimtumie namba moja tu, 1 leo niko sawa, 5 leo siwezi. Namba tupu bila maelezo, ili hata mama akishika simu asielewe, na jina lake nililisevu Fundi Cherehani. Nikiwa sina salio nabip, mara moja maana yake ukipata nafasi nipigie, mara mbili ni sasa hivi. Kuna wiki nilituma 3, 4, 4, halafu ikaja ile 5. Asubuhi saa kumi na mbili bodaboda imesimama nje, nesi anashuka na sare yake, akamwambia mama naomba nikae na nyie wote wawili. Mama aliongea na mimi siku ile, kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Ndo maana nakwambia dada, kilichonivusha ni yule aliyekuwa anazisoma zile namba, simu ilikuwa njia tu ya kumfikia. Kule Zimbabwe wana mabibi wanaokaa kwenye mabenchi nje ya zahanati kusikiliza watu, wamefundishwa kazi hiyo na daktari Dixon Chibanda tangu 2006, wao ugonjwa wanauita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, si ndo sisi tunasema mawazo mengi? App yoyote utakayomwekea mdogo wako, jiulize akibonyeza 5 nani atashuka kwenye bodaboda.

Za smatifoni nimezijaribu baadaye, nyingi Kiingereza, zinakula bando, na zikikwambia hongera zinakwambia hongera hata kama umelia. Mtandaoni usiku ndo balaa, mimi nilifungua nikakuta picha za wenzangu wa darasani wanasherehekea matokeo ya kidato cha nne, nililala chini siku mbili. Grupu la WhatsApp la mabinti wenye watoto pia lilinisaidia sana mwaka mmoja, tulikuwa tisa, mpaka mmoja akapeleka voisi ya mwenzie kwa shangazi mtu, likafa siku ile ile. Kwahiyo akiingia grupu liwe dogo, liwe na mtu mzima anayejulikana, na voisi zifutwe.

Wewe leo fanya hivi, mpe simu iwe yake na neno la siri lake, mwambie 116 ni bure, ni ile Huduma ya Simu kwa Mtoto, na kwa miaka 17 kisheria yeye bado mtoto, ana haki ya kupiga. Mchana mpokee mtoto kwa masaa mawili ili mdogo wako alale, maana hakuna app inayoshinda usingizi, mimi robo ya machozi yangu ilikuwa usingizi tu. Ila akikwambia anasikia sauti, au halali hata mtoto akilala, au anazungumzia kufa au kumuondoa mtoto, achana na simu, usimwache peke yake hata chooni, mpeleke hospitali muda huo huo, na anayesema ametupiwa jini mwambie atasubiri.

Ile memori kadi ninayo mpaka leo, sauti inakwaruza kidogo. Njoo PM uniambie mdogo wako anapenda kuitwa nani nyumbani, nimrekodie yake usiku huu huu kabla sijalala.