Mlango wa dereva umeshuka, ninunue mwingine?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Corolla 110 ya 1998, napigia teksi hapa Morogoro. Mlango wa dereva umeshuka, kuufunga mpaka uunyanyue alafu ubamize, na mvua ikinyesha maji yanaingia. Fundi mmoja alikishusha kile kichuma cha nguzoni kinachoshikana na kitasa, ukatulia kwa muda, sasa umerudi kulekule. Mwingine anataka kuchomelea bawaba. Au ninunue mlango mzima?

JIBU: Mlango mzima wa nini ndugu yangu! Ukiufunga kwenye bawaba zilezile nao utashuka tu. Na huyo wa kichuma hakutengeneza kitu, alificha ugonjwa. Kile kichuma kinashika mlango ukishafungwa, hakiubebi, sasa ukikishusha kiufuate mlango, bawaba zinaendelea kulika na wewe hujui.

Anza hivi: kitoe kabisa hicho kichuma, fungua mlango nusu, ushike kwa huku kwenye kitasa uunyanyue na kuushusha taratibu, mwenzio achuchumae aangalie bawaba, hasa ya juu maana ndo inayovutwa na uzito, ya chini yenyewe inasukumwa tu kwenye nguzo. Bawaba nzima ikitembea juu ya bodi, bolti zimelegea, na hiyo ndo bahati yako. Weka jeki chini ya mlango na ubao na tambara juu yake, nyanyua mpaka mstari kati ya mlango wa mbele na wa nyuma ukae sawa, kaza na spana namba 12. Nafasi ni finyu, spana ya kawaida inaweza kugoma, azima ya kupinda kwa fundi bodi. Ila kama ni bati la nguzo limeoza au limepasuka basi kukaza hakusaidii, hiyo ni kazi ya fundi bodi mwenyewe.

Lakini kwa gari ya teksi nahisi ni pini inayopita katikati ya bawaba imelika, utaiona inacheza ndani ya tundu. Pini za hizi Toyota mara nyingi zimegongewa kichwa kiwandani, hazitoki kwa nyundo tu, kwahiyo rahisi ni kubadili bawaba. Ukienda Gerezani, kule Dar, kutafuta za kutoka kwenye gari iliyokatwa, shika bapa moja la bawaba utikise lingine, ikicheza hata kidogo rudisha, maana Japani nako dereva anakaa kulia na mlango wake umefunguliwa sana tu. Ukikosa nzima, mpelekee fundi mkerezaji akate pini, alisawazishe tundu lililokuwa yai, apige bushi za shaba na pini ya chuma kigumu. Usikubali bolti yenye nyuzi kupita pale ndani, nyuzi zinakula bushi kama msumeno.

Toa bawaba moja moja, jeki ikiwa imeshika, na chora mstari kuizunguka kabla hujalegeza ili urudishie palepale. Kichuma rudisha mwisho kabisa, ukifuate mlango ulivyokaa.

Kuchomelea pini hapana. Ikishagandana bawaba haizunguki, ukilazimisha unapasua nguzo. Alafu acha kuegemea mlango ukipatana bei na abiria 😄

SWALI: Mimi nina Land Rover 110, mlango wa nyuma ndo umeshuka, bawaba nimebadili na zimeanza tena.

JIBU: Tairi la spea lipo mlangoni sio? Tairi na rimu ya chuma kwenye mlango wa aluminiamu, ukipita barabara ya vumbi linaruka na kudunda mfululizo, bawaba gani itavumilia. Lihamishie kwenye boneti kama Land Rover za zamani, au chongesha mkono wa kulibeba unaofungwa kwenye bodi, alafu kagua kama mlango wenyewe haujapasuka pale bolti za spea zilipopita.