Risiva inajizima ukipandisha sauti? Pima volti kwanza kabla hujanunua pawa

Mkuu habari za Moshi. Kwa ambao hawajaliona swali lake, jamaa ana risiva ya sinema ya chaneli 7, kwenye boksi imeandikwa wati 80 kwa omu 8 (omu ni ukinzani wa spika, ukiwa mdogo spika inavuta mkondo mwingi), kafunga spika mbili ndefu za kusimama sakafuni ambazo ni omu 4, zimeandikwa 86 dB (kiasi cha sauti spika inachotoa kwa umeme kidogo), sebule kubwa ya tailizi, sasa wageni wakijaa akipandisha sauti risiva inakata yenyewe mpaka aizime na kuiwasha upya. Muuza duka kamwambia dawa ni pawa, yaani amplifaya ya nje, ya wati 1000 kwa 1000 (elfu kila chaneli), na yeye anauliza kama milioni moja na nusu inatosha au aongeze.

Usiongeze chochote, na hiyo 1000 kwa 1000 achana nayo kwanza. Mimi niko Arusha pande za Sakina, spika zangu nazo ni za omu 4 na huwa nawafungia watu mziki majumbani na makanisani, hii ishu naijua. Kinachokuangusha sio wati, ni mkondo. Wati 80 kwenye omu 8 maana yake risiva inaweza kusukuma volti kama 25 hivi. Ukiipa spika ya omu 4, volti zilezile zinadai mkondo mara mbili, na spika nyingi zinazoitwa omu 4 kuna masafa ya besi zinashuka mpaka 3 na kitu, sasa risiva ya chaneli 7 ina transfoma moja tu inayogawana chaneli zote na hitisinki (bati la kupooza joto) nyembamba, ikiona mkondo umezidi au joto limepanda inakata ili isiungue. Yaani hapo inafanya kazi yake vizuri kabisa. Kwenye menyu unaweza ukakuta sehemu ya kuchagua omu 4 au 6, ukiiweka huko mara nyingi kinachofanyika ni volti za ndani kupunguzwa ili isichemke, haitakata haraka ni kweli ila itaanza kupasua sauti mapema zaidi, na sauti iliyopasuka ndiyo inayoua twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba.

Sasa kabla hujatoa hata mia, pima. Tafuta maltimita yoyote hata zile za bei chee za mafundi umeme, halafu shusha kwenye simu sauti ya majaribio ya hezi 120 iliyorekodiwa -12 dB (zipo bure kibao). Piga nyimbo zako unazopiga siku ya wageni, pandisha mpaka pale unaposema hapa ndio mwisho wangu, na kama inakata kabla hujafika mwisho huo basi ishia pale karibu inapokatia. Usiguse tena kitufe cha sauti. Simamisha mziki, chomoa nyaya za spika nyuma ya risiva ziwe zinaelea zisigusane, piga ile sauti ya majaribio kupitia njia ileile uliyopigia mziki, weka maltimita kwenye volti za AC, gusa nyekundu na nyeusi za chaneli moja. Namba utakayoiona zidisha kwa 4, kwa sababu -12 dB ni robo ya volti za kilele. Nimesema 120 kwa sababu maltimita za bei rahisi zinasoma sawasawa karibu na masafa ya umeme wa nyumbani, ukiipa hezi 1000 nyingine zinadanganya. Na kama amplifaya yako ni ya taa zile za kizamani, usiiwashe bila spika, hii ni kwa za transista tu.

Kwangu mimi kwa sauti ambayo mama watoto anaanza kugonga mlango ilisoma volti 3.2. Mara 4 ni 12.8. Zidisha yenyewe kwa yenyewe unapata kama 164, gawa kwa omu 4, wati 41. Arobaini na moja mkuu, na hapo ni kile kilele cha ngoma ikipigwa, mziki wa kawaida unaozunguka humo katikati ni wati chache sana. Hata ukiniambia wewe unapiga kelele mara mbili ya volti zangu, ni 25.6, na hiyo ni wati 164 kwa kila spika, bado iko mbali sana na elfu moja.

Halafu hiyo 86 dB yako iangalie vizuri. Makampuni mengi yanapima kwa volti 2.83 umbali wa mita moja, kwa spika ya omu 8 hiyo ni wati 1, ila kwa ya omu 4 ni wati 2! Kwahiyo kwa wati 1 ya kweli spika yako ni 83. Kila ukiongeza wati mara mbili unapata dB 3 tu, ambayo masikioni ni "mh, imepanda kidogo", ili usikie sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama dB 10, yaani wati mara kumi. Ndio maana mtu anatoka wati 80 anaenda 120, anatoa laki kadhaa, anarudi nyumbani anasema hajaona tofauti, na kweli haipo.

Kwahiyo unachotafuta dukani ni amplifaya ya chaneli 2 ambayo imeandikwa pawa yake kwa omu 8 NA kwa omu 4, na hiyo ya omu 4 inakaribia mara mbili ya ile ya 8. Kama 100 kwa 8 na 170 au 180 kwa 4 umemaliza kila kitu kwa sebule yoyote ya Moshi. Iliyoandikwa namba moja tu, au PMPO (wati za kukuza za matangazo), rudisha kabatini. Huko Marekani walishachoka na uongo wa wati mpaka mwaka 1974 wakaweka kanuni ya jinsi ya kutangaza pawa ya amplifaya za nyumbani, huku kwetu kanuni ni macho yako.

Vile viboksi vidogo vya amplifaya za klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) vya kuagiza mtandaoni vyenye chipu ya TPA3255 mimi navikubali, vinasafisha sauti vizuri na havichemki, ila soma adapta yake sio boksi lake. Adapta ya volti 32 ampia 5 ni wati 160 jumla, zigawane chaneli mbili, sasa wati 300 kwa 300 zitatoka wapi? Chukua yenye adapta ya volti 48. Pawa za ukumbini nazo kwa omu 4 ni ngangari na kwa hela ile unapata nyingi, shida yake ni feni, ukiangalia muvi usiku unasikia vuuu, na vumbi letu la kiangazi feni inalimeza lote, uwe unafungua na kupuliza. Zile za kuchonga kwa fundi, kuna mafundi wazuri sana hapa mjini, ila transista za 5200 na 1943 (zile zinazosukuma spika) feki zimejaa sokoni mno, fundi mwenyewe anaweza asijue. Kama ana transfoma nene na anakubali kuipima mbele yako kwa mzigo wa omu 4, mpe kazi.

Mtumba wa Japani ndio mtamu kuliko vyote, amplifaya za kizamani kilo ishirini, ukiinyanyua tu unajua kuna kitu ndani. Lakini Japani wanatumia volti 100, Marekani 120. Ukiona mtu anakuuzia pamoja na kijitransfoma cha kushusha, angalia kinashusha mpaka ngapi, cha 110 kwenye mashine ya 100 umeshazidisha asilimia 10 kabla hata jirani hajazima jiko lake na umeme kupanda. Na kijitransfoma chenyewe kikiwa kidogo kinakaba pawa yote, umenunua lori ukalifunga tenki la bodaboda.

Umeme wenyewe sasa, hapa watu wanapita haraka. Amplifaya yenye transfoma la kawaida haina kinachoshikilia volti, umeme ukishuka ukutani na ndani zinashuka vilevile, na pawa inafuata mraba wake. Kwangu saa mbili usiku mwezi wa saba, kila nyumba na hita ya kuogea, ukutani nakuta 200 badala ya 230. Piga hesabu, karibu robo ya pawa imeyeyuka, na wageni wanakuja saa hizohizo. Yenye saplai ya kisasa iliyoandikwa nyuma 100-240V haijali sana hayo, kwa mtaa wenye umeme dhaifu mimi ningeenda na hiyo bila kufikiria mara mbili. Frijigadi weka hata hivyo, kwa ajili ya ule umeme unaorudi kwa kishindo.

Sebule yako ya tailizi na dari la jipsamu inakuongezea kelele sio mziki, zulia zito na mapazia vitafanya usikie maneno bila kupandisha. Na sogeza makochi, ukikata umbali nusu unapata karibu dB 6 (ndani ya nyumba pungufu kidogo), ambazo kwa amplifaya ni kama kuongeza wati mara nne, bure.

La mwisho ambalo lingetakiwa liwe la kwanza, geuza risiva uangalie nyuma kama ina matundu ya RCA (yale ya duara ya nyaya za sauti) yameandikwa PRE OUT ya FRONT, yaani njia ya kutoa sauti ya spika za mbele kwenda kwenye pawa ya nje. Ikiwa ipo PRE OUT ya sabufa peke yake, pawa ya nje huna pa kuichomeka, hapo bora uuze risiva uongezee hela upate yenye matundu hayo, au kama muvi huangalii sana chukua amplifaya kamili ya stirio iliyoandikwa omu 4. Waya wa spika nunua wa umeme wa milimita 2.5 wa shaba duka la vifaa vya ujenzi, kwa mita 5 unapoteza omu 0.07 tu. Ukishafunga, washa risiva kwanza pawa mwisho, kuzima anza na pawa, la sivyo kila siku utasikia spika zinapiga "dup".

Pima leo jioni umeme ukiwa chini, uweke hapa namba ya volti na picha ya nyuma ya risiva, nitakwambia kama hiyo milioni na nusu utoe yote au nusu yake.